Mwavuli wa Mama Mkwe

Kidole cha Kasuku bado kiko juu. Wiki nzima kimekaa hewani, maskini, kikielekezwa kwenye roshani ya mahakama ya zamani, na mwenye kidole amepigwa na butwaa, mdomo wazi, nzi akitaka aingie apumzike.

Mnakumbuka kilichompata. Kijana wetu, mtembeza wageni hodari kuliko wote katika mji mkongwe, alikuwa katikati ya uongo wake mtamu kuhusu mke wa gavana aliyerusha kiatu kutoka roshani ile kikampata hakimu kisogoni. Wageni walikuwa hoi kwa kicheko. Ndipo yule mama wa kofia pana, aliyetembea nyuma ya kundi tangu asubuhi bila kuuliza swali hata moja, alipovua miwani yake myeusi.

Alikuwa mama mkwe!

Tuseme mkwe mtarajiwa, na hapo ndipo penye taabu.

"Shikamoo, mama," Kasuku alisema, na kidole kikashuka chenyewe.

"Marahaba, baba. Mbona umenyamaza? Kiatu chenyewe kilikuwa cha kulia au cha kushoto?"

Wageni wakacheka zaidi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Mama, hii ni kazi tu. Watu wanapenda kuchangamshwa. Natia chumvi kidogo."

"Chumvi yote hii, baba, mchuzi uko wapi?"

Akamshika mkono, akamvuta nyuma ya nguzo. Mkono wa pili ulikuwa na mwavuli wa maua mekundu, ameubana katikati kwa ngumi kama anayemkaba jogoo asitoroke.

"Unamtaka binti yangu?"

"Namtaka, mama. Namtaka sana."

"Marehemu mume wangu alikuwa na maneno machache, lakini ukiyapanga yote hukuti la uongo. Binti yangu amelelewa hivyo. Sasa sikiliza. Tutatembea na wageni wako mpaka mnarani anakofanya kazi. Uongo mmoja ukikutoka, mmoja tu, naufungua mwavuli huu mbele ya watu, na harusi hakuna."

"Na nikisema kweli mpaka mwisho?"

"Nitakuita mwanangu. Haya, tangulia. Magoti yangu hayataki kusimama."

Kama wiki zilizopita ulikuwa safarini, msomaji, nikuibie siri kabla hawajafika mbali. Binti anayegombewa ni fundi saa, na watu wote humwita hivyo, Fundi. Kazi aliyo nayo sasa ni kuifufua saa ya mnara, iliyokufa kabla yeye hajazaliwa. Na saa hiyo ndiyo ugali wa Kasuku. Kila siku humalizia matembezi chini yake, anashusha sauti, anasema, "Ilisimama dakika ileile gavana wa mwisho alipokanyaga meli, na tangu hapo haijakubali kutembea." Wanawake hutoa leso. Wanaume hutoa bakshishi.

Saa ikilia, atasema nini?

Fundi alikuwa amempa ufunguo wa mnara ili ampelekee chai asubuhi. Jumapili alipanda na ufunguo huohuo, akafunga chuma kile kikubwa kinachobembea, kile kinachoifanya saa itembee, kwa kamba ya kiatu chake cha kushoto. Jumatatu akajuta. Lakini tangu Jumatatu Fundi hakuwa akilala nyumbani, hatoki mnarani, na Kasuku akakosa upenyo wa kwenda kufungua.

Na leo ndiyo siku ya mwisho. Mhandisi wa manispaa alishatamka: adhuhuri ikipita bila saa kulia, kazi anapewa fundi mwingine.

Kwa hiyo nyuma yake kuna mwavuli, mbele yake kuna mnara, na kiatu cha kushoto kinapiga kofi sakafuni kila hatua. Akidanganya, anamkosa mchumba. Akisema kweli, huenda akamkosa vilevile. Aende wapi?

Akaenda kwenye jukwaa tupu.

Ni jukwaa la mawe lililoko njia panda, mbele ya posta ya zamani yenye matao. Kwa kawaida Kasuku husimama hapa na kueleza jinsi radi ilivyoing'oa sanamu ya gavana usiku wa uhuru. Wageni huipenda sana radi ile.

Mama mkwe alikohoa.

"Hapa," Kasuku alisema, "palikuwa na sanamu."

"Ya nani?" aliuliza mwalimu mstaafu, mgeni mmoja mrefu aliyeuliza kila kitu.

"Ya mzungu juu ya farasi."

"Iko wapi sasa?"

"Sijui, mwalimu."

Neno hilo hakuwahi kulitumia kazini. Lilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki. Wageni wakatazamana. Bibi harusi mmoja, aliyekuja na mumewe kwa fungate, akashusha simu aliyokuwa anapigia picha.

Kasuku alilitazama lile jiwe. Ikabidi aseme kitu, na kweli aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu.

"Ninachojua ni kwamba mama yangu mzazi alikuwa akiuza soksi hapa. Alizipanga pale ilipokuwa miguu ya farasi. Hakuwa na pa kuniacha, kwa hiyo mimi nilijifunza kutembea nikilishikilia hili jukwaa, nalizunguka siku nzima. Amefariki. Nikipita peke yangu huwa naligusa."

Akaligusa. Wala hakupanga. Bibi harusi akasogea naye akaligusa, kisha mumewe, kisha wote, mpaka mwalimu mstaafu, aliyevua kofia kwanza.

Mama mkwe alikuwa anapangusa miwani isiyokuwa na vumbi.

Kasuku alishangaa kuliko wote. Kumbe kweli nayo ina wateja! Miaka yote amekuwa akiuza radi, na mama yake amekaa pale na soksi zake akisubiri kutajwa. Moyo ulimuuma, lakini pia ulimpanda, na mtu wa maneno moyo ukimpanda, ulimi nao hupanda.

Wakafika klabu ya maofisa wa zamani, jengo la veranda pana na milango ya vioo vya rangi. Akawaingiza ukumbini na kuwaambia watazame juu. Dari lote lilikuwa la buluu, limetapakaa nyota.

"Babu yangu, mzaa mama, ndiye aliyelipaka rangi dari hili. Alilala chali juu ya mbao mpaka shingo ikapinda. Siku ya ufunguzi akaja na shati safi. Akaambiwa watu kama yeye hupita mlango wa jikoni. Akazunguka. Wa jikoni nao ulikuwa umefungwa."

"Pole yake," mwalimu alisema.

"Alikuwa akisema, mimi dari lile nimeliona karibu kuliko gavana, ila sijawahi kuliona nikiwa nimekaa kitini."

Wageni wakaketi wote kwenye mabenchi, mmoja mmoja, bila kuambiwa, wakatazama juu kwa niaba ya babu.

"Na zile nyota," bibi harusi akauliza, "ni dhahabu kweli?"

Swali hilo Kasuku amelijibu mara nyingi hata ulimi haumsubiri. "Dhahabu tupu" lilishafika mdomoni.

"Zile ni za dha..."

Njiti za mwavuli zikalia, kre!

"...za rangi ya njano. Ya kopo. Babu alisema ilikuwa inanuka vibaya."

Ngumi ikatulia. Jasho lilimtoka Kasuku mpaka ndani ya soksi.

"Siku hizi ni ofisi gani hapa?" mwalimu akauliza.

"Ya kuandikisha ndoa." Akainua macho kwenye nyota. "Mimi nilitaka kufungia ndoa yangu chini ya dari hili. Niketi kwenye kiti, nitazame juu. Bado nataka."

Mama mkwe alimsogelea, akanong'ona. "Hilo umewaambia wageni au umeniambia mimi?"

"Nimekwambia wewe, mama."

"Mm," alisema mama mkwe, na ukimjua vizuri, "mm" hiyo ilikuwa ndefu kuliko zake za kawaida.

Walipotoka, mvua ikaanza. Hayakuwa manyunyu ya kuchezea. Miavuli ikafunguka kila upande, wasio nayo wakajitwika mikoba na magazeti, hata hili unalolisoma lilionekana kichwani mwa bwana harusi. Mama mkwe peke yake alitembea katikati ya mvua na mwavuli wake mkononi, umefungwa. Kofia yake pana ikaanza kulegea pembeni, maji yakamtiririka mabegani.

"Mama, mbona hufungui mwavuli?" mwalimu akauliza kwa wasiwasi.

"Muulizeni huyo kijana."

"Kwa sababu," Kasuku akasema, na hakuweza kuficha furaha, "mpaka sasa nasema kweli."

Wageni hawakuelewa kitu. Kasuku alivua koti akamfunika mama mkwe.

"Usinihonge, baba," alisema. Koti lakini hakulirudisha.

Wakaingia chini ya baraza ya nguzo inayozunguka uwanja wa mnara. Pale kona, kama kila siku, kulikuwa na duka la kinyozi, na kinyozi mwenyewe, mzee wa mgongo ulionyooka, alikuwa akimnyoa mteja. Chini ya aproni alivaa suti kamili, tai imebana, viatu vinang'aa.

"Kinyozi gani huyu anayenyoa na suti?" mwalimu akauliza.

Kwa kawaida jibu ni kwamba mzee huyu amenyoa vichwa vya wafalme. Kasuku akameza wafalme wote.

"Sijui. Tangu nikiwa mtoto namwona hivyo, mvua na jua. Nikimuuliza anasema, 'Niko tayari tu.' Tayari kwa nini, hasemi."

"Tupiteni upande wa pili," mama mkwe akadakia.

"Mama, upande wa pili hauna paa. Utalowa."

"Nimeshalowa. Kilichobaki kikavu ni nini? Tupite, nimesema!"

Akavuta koti la Kasuku mpaka puani, akavuka uwanja mbiombio kwenye mvua, na magoti yake, ambayo njia nzima yalikuwa yakilalamika, hayakusema neno. Kasuku alimtazama akashangaa, lakini hakupata nafasi ya kuwaza. Mnara ulikuwa mbele yake.

Saa ilikuwa imesimama palepale iliposimama miaka yote. Chini yake mhandisi wa manispaa alikuwa na mwavuli mweusi na simu mkononi, anaangalia simu, anaangalia saa, anaguna.

Wageni wakajipanga nusu duara. Na mwalimu mstaafu, Mungu amsamehe, akauliza.

"Na saa hii, kijana, kwa nini haitembei?"

Akitaja meli ya gavana, mwavuli. Akisema "sijui", mwavuli, maana hii anaijua. Akisema imeharibika, mwavuli. Aligeuka kushoto, akageuka kulia, kiatu kikapiga kofi.

Kidirisha kidogo chini ya uso wa saa kikafunguka kwa kishindo. Kichwa cha Fundi kikatokeza, kimejifunga kitambaa, paji la uso lina grisi, macho yanawaka.

"Nani amefunga saa yangu?"

Mhandisi aliinua kichwa. Wageni wakainua vichwa. Mama mkwe peke yake alitazama chini.

"Nauliza tena! Dakika chache zimebaki, mambo yote yako sawa, naiachia iende, haiendi. Kumbe chuma kimefungwa! Nani?"

Ukiyavulia nguo maji, huna budi kuyaoga. Kasuku alisonga mbele mpaka katikati ya uwanja, mvua ikimpiga usoni.

"Mimi," alisema.

"Sikusikii!"

"Mimi! Nimeifunga mimi!" Sasa uwanja mzima ulisikia. "Jumapili, kwa kamba ya kiatu changu. Uliniamini na ufunguo, nikautumia kukuharibia. Niliogopa saa ikilia sitakuwa na la kuwaambia wageni. Mhandisi, Fundi hana kosa, kosa ni langu. Mama, fungua mwavuli ukitaka. Sikudanganya, lakini nilichofanya ni kibaya kuliko uongo, nami naona aibu."

Hakuna aliyecheka. Bibi harusi alishika mkono wa mumewe.

Juu kule Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu, akakiachia. Kikaja kikizunguka hewani, kikamtua Kasuku juu ya kichwa.

Kamba ya kiatu.

"Hiyo niliifungua Jumatatu asubuhi," Fundi alisema. "Fundo lako nitalikosaje? Unafunga kama mtoto wa chekechea. Nimekaa nayo mfukoni wiki nzima nangoja useme mwenyewe. Ungenyamaza mpaka leo ipite, ningeshuka na kukurudishia pete."

"Sasa?"

"Sasa vaa kiatu, unachechemea kama bata."

Kasuku alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Lakini Fundi hakuwa amemaliza.

"Nilichouliza ni nani amefunga na hiki!"

Akanyoosha mkono nje ya kidirisha. Kilichoning'inia hakikuwa kamba. Kilikuwa kiukanda cha kitambaa chenye kifungo mwishoni, kama vile vinavyofungia miavuli isichanue. Kilikuwa cha maua mekundu.

Macho ya uwanja mzima yakashuka taratibu kutoka dirishani. Yakapita kwa mhandisi, hayakukaa. Yakapita kwa Kasuku, hayakukaa. Yakatua kwenye ngumi ya mama mkwe, ile ngumi ambayo tangu asubuhi haijaachia mwavuli hata mara moja.

"Mnanitazamia nini?" mama mkwe akasema.

"Mama," Fundi aliita kutoka juu, "ufunguo wangu wa pili unalala kwenye msumari wa jikoni kwetu, na jana usiku usingizi ulinishinda."

"Kwa hiyo? Mimi nipande ngazi zote zile? Na magoti haya? Mnara huo sijawahi kuukanyaga maishani mwangu!"

Na ili waamini, akainua mkono kuapa. Bahati mbaya, mkono alioinua ulikuwa ule wenye mwavuli, na vidole vikalegea.

Pwaa!

Mwavuli ukachanua wote, mwekundu, katikati ya uwanja.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata bibi harusi, akafuata bwana harusi na gazeti lake, mpaka mhandisi akageuka pembeni kuficha meno. Mama mkwe alijaribu kuufunga, ukachanua tena. Alisimama chini yake, mkavu kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze, na sura yake ikamwonyesha Kasuku kitu ambacho hakuwahi kukiona kwake. Alikuwa anaogopa.

"Mama," Kasuku akasema polepole, maana utani ulimwisha alipoiona ile sura. "Ulimwekea mwanao kizingiti kwenye kazi yake. Kwa nini?"

"Binti," mama mkwe aliita, "shuka tuzungumze nyumbani. Usiiachie hiyo saa. Nakuomba. Leo tu!"

Lakini Fundi alikuwa ameshatoka dirishani. Kazi ni kazi, na adhuhuri haimsubiri mama wa mtu.

Ndani ya mnara kitu kikaguna. Kikakohoa vumbi la miaka. Halafu, juu ya paa za mahakama na posta na klabu, juu ya jukwaa tupu la soksi, kengele ikagonga.

Ngoo!

Njiwa walitoka wote kwa pamoja. Watu walitoka madukani. Mhandisi alisahau kutazama simu. Ngoo! Kasuku alisimama na kamba ya kiatu mkononi, akasikia nywele zikimsimama. Ngoo! Hakuna uongo wowote aliowahi kuutunga uliokuwa mzuri kama mlio ule, na mwanamke aliyeuleta ulimwenguni alikuwa wake. Alijivuna mpaka machozi yakamlenga.

Mama mkwe hakuwa anatazama mnara. Alikuwa anatazama kona ya baraza.

Mlango wa duka la kinyozi ulikuwa wazi. Mzee alikuwa ametoka, amevua aproni, suti yake haina hata unywele mmoja. Nyuma yake mteja alikuwa amesimama na povu shavu moja, anauliza kulikoni, hajibiwi. Kinyozi alikanyaga mvua na viatu vyake vinavyong'aa, akavuka uwanja bila haraka, kila hatua na pigo la kengele, akaja kusimama mbele ya mwavuli mwekundu.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia nini?" mama mkwe akajibu.

"Ulipofiwa nilikuja na posa. Ukacheka, ukanionyesha mnara. Ulisema, 'Nitaolewa nawe siku saa ile itakapolia.' Mbele ya watu ulisema. Mimi nikaenda kushona suti."

"Nilikuwa nakutania! Ilikuwa imekufa!"

"Sasa imefufuka," mzee akasema, akatabasamu. "Na nasikia kwenu hamsemi uongo."

Fundi alikuwa amerudi kidirishani, kidevu mikononi, hataki kupitwa na neno. Kengele ikagonga mara ya mwisho, na mlio ukakaa hewani, ukakaa, mpaka ukaisha.

Mama mkwe aligeuka. Akamshika Kasuku mkono, akamvuta chini ya mwavuli, karibu kabisa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao akamwita jina lile ambalo Kasuku alitembea mji mzima kulitafuta.

"Mwanangu," alinong'ona. "Wewe ndiye bingwa wa maneno. Nisaidie. Mwambie huyu mzee kwamba saa haikulia."

Kasuku alimtazama mzee na suti yake inayolowa. Akamtazama Fundi kule juu, naye akamtazama yeye, hapepesi. Akautazama mwavuli, uliokuwa tayari umefunguka.

Akafungua mdomo.